Sinia Moja na Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nilipewa kazi ya kula. Naiita kazi kwa sababu bibi yangu aliniita, akanikalisha mbele yake na kunieleza nitakavyoifanya, kama alivyowaeleza wakubwa zangu namna ya kuanika karafuu. Mama Mdogo Raya, mdogo wake mama yangu, alikuwa ametoka kwa mumewe akarudi nyumbani kwetu Ole, Pemba, kujifungua mimba yake ya kwanza, kama ilivyo ada. Katika nyumba yetu mwanamke mwenye mimba hakuachwa kula peke yake. Alikalishwa sinia moja na mtoto. Bibi aliamini kwamba jicho la hasidi likiangukia sinia lenye mtoto huchanganyikiwa, likakosa kujua limshike nani. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Unguja na mimi nililelewa na Bibi, kwa hiyo mtoto wa sinia nikawa mimi.

Kazi yangu ilikuwa na sehemu ya pili, na hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi. Kila jioni, Bibi akiwa amekaa barazani anachambua karafuu na kutenga makonyo, vile vijiti vyake, aliniuliza bila kuinua macho, "Leo kala n'ni?" Nikamwambia. Asubuhi kala kipande cha muhogo na chai. Mchana kala wali kwa mchuzi wa samaki changu. Matunda hakula. Yai hakula. Bibi aliitikia kwa kichwa, na mimi nikaondoka najiona mkubwa. Hakuna aliyewahi kunisikiliza kwa makini namna ile, wala sidhani kama yupo aliyenisikiliza hivyo mpaka leo, ingawa sasa ni mwalimu na watoto arobaini hukaa mbele yangu kila siku.

Makatazo yalikuwa mengi na niliyajua yote. Mayai yalikatazwa kwa sababu mtoto angezaliwa hana nywele. Ndizi zilizoshikana zilipewa mbuzi, maana mimba ya kwanza ikiwa ya pacha ni mtihani. Kubwa kuliko yote lilikuwa katazo la pweza. Bibi alisema pweza hufunga. Ukimkuta mwambani, alisema, hata ukimkata hakuachi, anakuzunguka mkono kwa minyiri yake, na mama akimla basi mtoto naye huzungukwa tumboni. Alilisema hili kwa sauti ya chini, kama anayetaja jina la mgonjwa.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba likaja na katazo la chakula chenyewe. Bibi alikitoa chungu mikononi mwa Mama Mdogo, akawa anapakua mwenyewe. Upawa mmoja wa wali kwa sisi wawili, au vipande vitatu vya muhogo. Mtoto akinona, alisema, hataiona njia.

Siandiki haya ili mtu amcheke. Bibi alikuwa amezika watoto wawili wa tumbo lake, na dada yake alikufa akijifungua mtoto mkubwa aliyekwama tangu alfajiri hadi magharibi. Alikuwa hapo, ameshika taa. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, na nimejifunza kwamba mtu aliyeshika taa mahali kama pale hutoka na sheria zake, na sheria hizo hazikutungwa kwa ujinga. Zilitungwa kwa hofu, na hofu ile ilikuwa ya haki.

Ila Mama Mdogo alikuwa na njaa. Hilo nalijua mimi kwa sababu tulikula pamoja. Alikuwa na miaka ishirini, mwembamba, mcheshi, anayejua kuigiza sauti ya kila mtu mtaani, na mwezi wa nane ulipofika alikuwa amekwisha kuacha kuigiza. Alikaa akijiegemeza ukutani. Viganja vyake vilikuwa vyeupe ndani, navyo nilivishangaa, nikidhani ndivyo wafanyavyo wenye mimba. Tulipokaa kwenye sinia, mkono wake ulikwenda polepole, na wangu ulikwenda mbio, kwa kuwa nami nilikuwa mtoto anayekua. Mara nyingi alinisogezea kipande cha samaki upande wangu. Nilikila. Jioni nikamwambia Bibi kwamba kala samaki.

Siku moja aliniambia ana uchu wa pweza.

Aliniambia mimi tu. Na hapa sheria za Bibi zenyewe ziligongana, kwa kuwa alitufundisha pia kwamba uchu wa mwenye mimba haunyimwi, mtoto asije akazaliwa na baka au akatoa ute mdomoni hadi anaingia chuo cha Kurani. Nililiwaza jambo hili kwa uzito wote wa miaka minane. Nikamwambia, "Mama Mdogo, ukila mtoto atafungwa, na usipokula atatoka na baka." Alicheka, kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Akasema, "Basi nitafutie pweza wa kunusa. Kunusa hakujakatazwa."

Jirani yetu Bi Time alikuwa na mtoto wa kiume aliyekaa pwani, na alipokuja nyumbani kwa mama yake hakukosa kuleta pweza. Siku hiyo harufu ya mchuzi wa nazi ilikuwa imevuka ua tangu saa nne asubuhi. Baada ya adhuhuri, Bibi alipokwenda shamba kwenye mikarafuu, nilikwenda kwa Bi Time nikasimama mlangoni kama anayesubiri salamu. Bi Time alinitazama. Akasema, "Umetumwa au umejituma?" Nikasema nimejituma. Akanitilia mnyiri mmoja mzima kwenye bakuli, na mchuzi juu yake, akaniambia nikimaliza nirudishe bakuli lake, maana mabakuli yake yakiingia nyumba yetu husilimu yasirudi.

Mama Mdogo alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Akaliinamia. Alifumba macho akakaa hivyo muda, mvuke ukimpanda usoni. Kisha akalisukuma kwangu. Akasema, "Kula wewe. Kula taratibu na unambie."

Nikala. Nikamwambia ni laini, ameiva. Akauliza, pilipili je? Nikasema ipo kidogo. Akauliza, ndimu? Nikasema ndimu ipo. Akauliza ngozi yake imetoka au imebaki, nikasema imebaki, akasema hivyo ndivyo anavyompenda yeye, na ngozi. Alikuwa akitafuna bila kitu mdomoni. Hilo nalikumbuka waziwazi, taya lake likienda sambamba na langu. Hakutia mdomoni hata tone la mchuzi. Nilikuwapo, na katika ulimwengu huu hapakuwa na shahidi mwingine.

Bibi alirudi mapema. Aliingia ukumbini, akasimama. Bakuli lilikuwa kati yetu, tupu, lina wekundu ule wa zambarau pembeni ambao hauachwi na kitu kingine chochote. Fimbo yake ya mpera ilikuwa pale ilipokaa siku zote, nyuma ya mlango.

"Nani kala pweza humu?"

Nikasema, "Mama Mdogo."

Sikufikiri. Neno lilitoka kama jiwe linavyoponyoka mkononi. Bibi akamgeukia mwanawe. "Raya, kweli?"

Mama Mdogo alinitazama mimi kwanza. Hakunitazama kwa hasira. Nimeutafuta ukali katika jicho lile kwa miaka mingi, kwa sababu ungenisaidia, na sijaupata. Kisha akasema, "Nisamehe, mama."

Bibi hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye sakafu, na alisema, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba pweza hufunga na kwamba tutaona. Kesho yake alikwenda kwa shehe, akaletewa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa marashi, Mama Mdogo akalinywa lote. Upawa ukapunguzwa. Pale palipokuwa na samaki pakawa na chumvi, kwani kila cha bahari sasa kilikuwa ndugu yake pweza. Na mimi jioni niliendelea kuulizwa leo kala nini, nami nikiendelea kujibu.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya Jumatano, wa kiume, amekwisha kufa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo mara mbili.

Mkunga alitoka chumbani akaosha mikono kwenye beseni uani. Alimnong'oneza Bibi, lakini mikono yake ilikuwa ikionyesha, mmoja ukizunguka juu ya mwingine, na mimi nikiwa nyuma ya mtungi niliiona. Bibi aliitazama mikono ile. Akasema, "Nilisema." Neno moja tu, na baada yake akalia kilio ambacho sikujua mtu mzima anaweza kukilia. Mtoto alikafiniwa kwa kipande cha shuka nyeupe. Alikuwa mdogo sana. Hakuna aliyelisema hilo, kwamba mtoto ambaye Bibi alihofia atanona alikuwa mdogo kiasi kile.

Nilikuwa na hakika kwamba Mama Mdogo angesema ukweli sasa. Nilimsubiri aseme. Alilala akitazama ukuta, na watu waliokuja kumpa pole walikaa, wakaondoka, na barazani niliwasikia wakiambizana juu ya pweza. Kwa miezi michache ya kwanza walisema kwa huruma. Baadaye talaka ilikuja kutoka kwa mumewe, ikaletwa na mzee wao mmoja kwa adabu zote, na ndani yake pweza hakutajwa. Hakukuwa na haja. Kufika wakati huo jambo lile lilikuwa limekwisha kuwa jina lake. Msimu wa karafuu, wanawake wakikaa mkekani kuchambua, ilitosha mmoja aseme, "Leo kwa Bi Time kunanukia, mfungieni Raya mlango," na wote wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Alikuwa mcheshi tangu mwanzo. Alijua kwamba anayecheka pamoja na watu huachwa haraka.

Hakuolewa tena. Akawa mpishi wa shughuli zote za Ole. Biriani yake watu walitoka hata Chake Chake kuifuata. Ila katika nyumba yenye mwenye mimba hakuitwa jikoni. Hawakumfukuza. Walimwambia tu apumzike, leo wapo watu wengi.

Mimi nilikwenda Unguja kwa wazazi wangu, nikasoma, nikarudi Pemba kufundisha, nikaolewa nikahamia Gombani. Miaka hiyo yote sikusema. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia kwamba mwanzoni niliogopa fimbo, halafu nikaona haya, na mwishoni ilikuwa imepita mno. Hizo si sababu tatu. Ni woga mmoja uliokuwa unakua pamoja nami.

Mwaka juzi nikapata mimba, nimekwisha kuvuka miaka thelathini. Kliniki nilimkuta muuguzi kijana, mpole, aliyenitaka niandike kila kitu ninachokula kwa siku tatu. Nilifanya kama ninavyowataka wanafunzi wangu wafanye, kwa mwandiko mzuri na bila kuficha. Aliisoma karatasi yangu kwa kidole. Chai ya rangi, mkate, muhogo, wali, mchicha, embe, kipande kimoja cha samaki. Akaniambia damu yangu iko chini, na akauliza mayai yako wapi, maini yako wapi, samaki mbona mara moja tu. Nikaitazama karatasi ile kama imeandikwa na mtu mwingine. Sikuwa nimejikataza chochote. Mimi, mwalimu, ambaye ningeweza kumweleza mtu yeyote kwamba yai halinyoi nywele za mtoto, mkono wangu wenyewe ulikuwa ukivipita vyakula hivyo kila siku bila kuniomba ruhusa.

Akasema, "Na pweza, Mwalimu? Humpendi au unamwogopa?"

Nikasema simpendi.

Nilimuuliza, kama anayeuliza habari za mtu wa mbali, juu ya watoto wanaozungukwa na kitovu. Akasema hutokea sana, wengi huzaliwa hivyo na wakalia vizuri tu, na chakula cha mama hakihusiki na kitovu. Kwa nini mmoja aishi na mwingine afe, si rahisi kusema, hasa ikiwa ni zamani na nyumbani. Lakini mama asiyekula, alisema, mtoto naye huingia safarini hana akiba. Nilimshukuru. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi nje mpaka mume wangu akaja kunitafuta.

Mwezi wa saba nilirudi Ole, kama ilivyo ada. Bibi alikuwa mzee sana, macho yamebakiza mwanga tu, lakini nyumba bado ilikuwa yake. Usiku haujaingia siku ile ya kwanza alikwishatoa amri: chakula changu atapika binti wa Bi Time. "Raya asitie nkono," alisema. Alilisema mbele ya Raya. Mama Mdogo alikuwa amekwisha kunipikia mchicha na maini. Alifunika chungu, akakiacha hapo, akatoka uani.

Nilimfuata. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga na majivu. Nikamwambia, Mama Mdogo, siku ile mimi ndiye niliyekula pweza. Nilikuwa nimeibeba sentensi hiyo miaka zaidi ya ishirini.

"Najua," akasema. "Nilikuwapo."

Akaendelea kusugua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alifikiri, si kama mtu anayetafuta jibu, bali kama anayejaribu kulikumbuka mahali alipoliweka. Akasema fimbo ya mama yake aliijua, nami mgongo wangu ulikuwa mdogo. Na yeye alijiambia kwamba mwenye mimba hapigwi. "Nilidhani ni neno la siku moja," akasema. "Baadaye, nani angenisikiliza? Mwana keshakufa. Ningesema mimi sikula, wangesema kumbe na mwongo." Akaniomba nisimwambie Bibi. Alisema mtu wa umri ule hatikiswi.

Nilimwambia Bibi usiku huohuo, baada ya isha, wote watatu tukiwa ukumbini. Sikuweza kukaa tena nikitazama chungu kile kimefunikwa. Nilisema yote, kuanzia kwa Bi Time mlangoni hadi fimbo nyuma ya mlango. Nilipomaliza, utambi wa jiko la mafuta ulikuwa ukitatarika jikoni.

Nilitegemea hasira. Nilitegemea asiamini. Bibi alinigeuzia uso wake, macho yale yasiyoona, akauliza, "Basi mwana alikufa na n'ni?"

Nilikuwa nimefika na ukweli wangu nikidhani namrudishia Mama Mdogo jina lake, na ni haki yake, na nisingeurudisha nyuma. Lakini sikuwa nimefikiri kwamba yule pweza, kwa miaka yote ile, alikuwa amesimama mbele ya kitu kingine ili Bibi asikione. Sasa nimemwondoa. Nilimwona mzee wa watu akirudi polepole katika miezi ile, mwezi kwa mwezi, sinia kwa sinia, akipapasa. Vidole vyake vilikuwa vikisogea juu ya goti lake kana kwamba vinahesabu, halafu vikasimama.

"Raya."

"Labeka, mama."

"Siku zile, ulikuwa ukishiba?"

Mama Mdogo alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilimtazama. Mimi ndiye niliyekula naye. Nilijua upawa ulivyokuwa, nilijua mkono wake uliishia wapi na wangu ulifika wapi, na kama ningeulizwa mimi, baada ya yote niliyoyasema usiku ule, ingenipasa kujibu.

"Nilikuwa nikishiba, mama," alisema. "Chakula kilikuwa kinabaki."

Bibi alitoa pumzi ndefu. Akanigeukia mimi, mtoa habari wake wa zamani, na kichwa chake kikakaa upande kama kilivyokuwa kikikaa barazani. Hakuuliza. Alisubiri tu. Nami nilinyamaza, na katika uongo wote wa maisha yangu huo ndio ambao sijautubia.